Vyuo vikuu vya Ruhr: vinakula pamoja, vinalala mbalimbali

Tramu ya Dortmund haiwezi kutembea kwenye reli za tramu za Bochum. Hakuna mlima katikati wala mto wa kutisha. Miji hiyo miwili ya Ujerumani imeachana kwa kilomita ishirini hivi, na majengo hayakatiki barabarani, hata huoni mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Tatizo ni upana wa reli. Dortmund walitandika reli zilizoachana kwa milimita 1,435. Bochum na Essen, kwa tramu zao, wakatandika za milimita 1,000. Ukisonga magharibi hadi Duisburg, unarudi kwenye 1,435. Kila mji ulijijengea wake kwa kipimo chake, na jirani ajijue.

Nimeanzia kwenye reli kwa sababu bila hizo ni vigumu kuelewa kwa nini watu wa huko wanauona ushirikiano wa vyuo vikuu vyao vitatu kuwa jambo kubwa. Mgeni atashangaa: vyuo vitatu vilivyo kwenye njia moja ya treni, jimbo moja, lugha moja, visishirikiane kwa nini? Lakini Ruhr si eneo la kushirikiana. Ni eneo la watu kama milioni 5, magharibi mwa Ujerumani, ndani ya jimbo la Nordrhein-Westfalen, lenye miji na manispaa 53 na lisilo na mji mkuu. Dortmund, Essen, Duisburg na Bochum kila mmoja una meya wake, ukumbi wake wa maigizo, na timu yake ya kandanda yenye mashabiki wasiotaka hata kusikia jina la timu ya jirani. Wajerumani wana neno la maradhi haya: Kirchturmdenken, yaani kufikiri kwa mnara wa kanisa. Usichokiona ukiwa juu ya mnara wa kanisa lenu, hakikuhusu.

Katika eneo hilo ndimo walimo wahusika wetu: Ruhr-Universität Bochum, Technische Universität Dortmund, na Universität Duisburg-Essen. Tangu 2007 wamo katika Universitätsallianz Ruhr, Ushirika wa Vyuo Vikuu vya Ruhr. Ukijumlisha wanafunzi wao unapata zaidi ya laki moja. Kaulimbiu yao inasema wakiwa pamoja wanakuwa bora zaidi, maneno matamu ambayo hayamwelezi mtu chochote. Maana ushirika huu hauna mkuu mmoja wa chuo, hauna wanafunzi wake, na hautoi shahada. Basi ni kitu gani?

Karibu miaka 150 bila chuo kikuu

Duisburg ilikuwa na chuo kikuu tangu 1655. Kilikuwa kidogo, kikanyauka taratibu, na mwaka 1818 mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani iliyotawala eneo hilo wakati ule, akakifunga. Mwaka huohuo akaanzisha kingine Bonn, mji ambao msikilizaji wa redio wa Kiswahili anaujua vizuri, kwa kuwa ndiko yanakotoka matangazo ya Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle. Sehemu ya vitabu vya Duisburg ilihamishiwa huko.

Kisha yakaja makaa ya mawe na chuma, na elimu ya juu ikasahaulika. Inasimuliwa sana kwamba Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, hakutaka vyuo vikuu wala kambi za jeshi katika Ruhr, kwa kuogopa kuwaweka wasomi, askari na vibarua wa migodini mahali pamoja. Iwe kweli au imetiwa chumvi, hali ndiyo ilikuwa hiyo: hadi miaka ya 1960, eneo kubwa kuliko yote la viwanda Ujerumani halikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Utafiti haukukosekana, ila ulikuwa mtumishi wa makaa. Huko Mülheim iliundwa taasisi ya kuchunguza makaa ya mawe mwaka 1912, na ndiko Franz Fischer na Hans Tropsch walikogundua, katika miaka ya 1920, njia ya kupata mafuta ya kuendeshea mitambo kutoka kwenye makaa. Taasisi hiyo bado ipo, siku hizi chini ya Max Planck, jumuiya ya Kijerumani ya taasisi za utafiti, na imetoa washindi wa Nobeli: Karl Ziegler mwaka 1963 na Benjamin List mwaka 2021. Lakini mtoto wa mchimbaji hakuwa na mlango wa kuingilia hapo.

Mwaka 1957 migodi ya makaa ya Ujerumani Magharibi iliajiri watu kama laki sita. Mwaka uliofuata mgogoro ukaanza. Mafuta ya petroli yalikuwa rahisi, makaa ya nje yalikuwa rahisi, na ya Ruhr yakaanza kurundikana bila mnunuzi. Hapo ndipo wanasiasa walipokumbuka shule. Bunge la jimbo likaamua kujenga chuo kikuu Ruhr, na papo hapo minara ya makanisa ikaanza kugongana: Dortmund iliona ni haki yake, Bochum nayo ikajipigia debe. Mwaka 1961 Bochum ikashinda. Chuo kikafunguliwa 1965, cha kwanza kuasisiwa tangu Jamhuri ya Shirikisho ya Ujerumani ilipoundwa. Dortmund haikukubali kubaki mikono mitupu. Ikapata chake mwaka 1968. Mwaka 1972 Essen na Duisburg nazo zikapata, kila mmoja chake. Kutoka sifuri hadi vinne ndani ya miaka saba.

Ukitaka kuona haraka ile kwa macho, nenda Bochum. Unapanda treni ya mjini, U35, kutoka stesheni kuu, unateremka kituo cha chuo, unavuka daraja pana la miguu, na mbele yako yamesimama majengo marefu ya zege tupu, safu kwa safu, yanayofanana kama mapacha. Wasanifu wa majengo hayo walitaka yaonekane kama meli zilizotia nanga bandarini, na ukumbi mkuu katikati una paa lililokunjika kama gamba la kombe. Majengo yamepewa herufi: I kwa uhandisi, M kwa tiba, N kwa sayansi asilia, G kwa fani za lugha, historia na falsafa. Mwanafunzi mgeni hupotea wiki mbili za kwanza, maana GA na GB ukizitazama kwa nje ni kitu kilekile. Dortmund wao wana kabehewa kasiko na dereva, kanakoning'inia chini ya reli juu angani, kanakopeleka wanafunzi kutoka kampasi ya kaskazini hadi ya kusini tangu 1984. Hata katika usafiri wa ndani ya chuo, kila mmoja alitafuta cha kwake.

Vyuo hivi havikujengwa kwa ajili ya wana wa wakubwa. Vilijengwa kwa ajili ya mabinti na vijana ambao baba zao walishuka shimoni, na hadi leo wanafunzi wengi wa Ruhr, hasa Duisburg-Essen, ni wa kwanza katika familia zao kufika chuo kikuu. Baadaye viwanda vilivyokuja kuziba pengo la migodi navyo vikaondoka. Nokia ilifunga kiwanda chake cha Bochum mwaka 2008. Opel, iliyokuwa ikiunda magari mjini humo tangu 1962 juu ya ardhi ya mgodi wa zamani, ilizima mitambo Desemba 2014, na leo katika jengo la utawala la kiwanda hicho Ruhr-Universität ina karakana ambamo wanafunzi huchonga, huchapa na kuunganisha vifaa vya majaribio. Usije ukadhani basi kwamba chuo kinaweza kuajiri wote walioachwa na kiwanda. Hakiwezi, na wenyeji wanalijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Ndoa ya lazima na uchumba wa hiari

Kuna njia mbili za kuwaweka majirani pamoja, na Ruhr imezijaribu zote mbili.

Ya kwanza ni kuwaozesha. Mwaka 2003, kwa sheria ya jimbo, chuo cha Duisburg na chuo cha Essen vilifanywa kuwa kimoja. Hoja ya serikali ilikuwa nyepesi: umbali ni mdogo, idara zinarudiana, fedha zinapotea. Kilichofuata ni malumbano ya miaka kuhusu nani ahamie kwa nani. Mwishowe fani za lugha, historia na falsafa zikakusanywa Essen, na sehemu kubwa ya uhandisi ikabaki Duisburg. Maprofesa walifungasha vitabu. Chuo kikawa kimoja kwenye karatasi na kampasi mbili uwanjani, zikiunganishwa na mabasi yanayopita kwenye barabara kuu ya A40, ambayo kila mtu wa Ruhr anaijua kwa foleni zake. Leo ni miongoni mwa vyuo vikubwa vya Ujerumani na hakuna anayezungumzia talaka. Lakini gharama ilionekana, na Bochum na Dortmund walikuwa wakitazama.

Ya pili ni ushirika wa 2007, ambao hakuna aliyeamriwa kuingia. Tarehe yake haikuja kwa bahati. Elimu nchini Ujerumani ni mamlaka ya majimbo, na mwanzoni mwa mwaka huo sheria mpya ya Nordrhein-Westfalen iliviachia vyuo vikuu vijiendeshe: vipange bajeti, viajiri, viingie mikataba. Wakati huohuo serikali ya shirikisho na majimbo walikuwa wameanza mashindano makubwa ya kitaifa ya kutafuta vyuo vya kupewa fedha za ubora, na Bochum ilifika hatua ya mwisho mwaka 2007 ikarudi bila taji. Mtu aliyepata uhuru wa kujiendesha, kisha akagundua kwamba peke yake ni mdogo mbele ya Munich na Berlin, ataanza kumtazama jirani kwa jicho jingine.

Ila nisiwape wakuu wa vyuo sifa yote. Watu wa chini yao walikuwa wameshaanza. Wachumi wa Bochum, Dortmund na Duisburg-Essen, pamoja na taasisi ya utafiti wa uchumi RWI ya mjini Essen, walianzisha shule ya pamoja ya kufundisha wanafunzi wa uzamivu mwaka 2004, miaka mitatu kabla ya ushirika kutiwa sahihi. Sababu yao haikuwa ya kishairi. Chuo kimoja hakikuwa na wanafunzi wa uzamivu wa kutosha kujaza darasa la somo gumu la nadharia. Vyuo vitatu vilikuwa nao.

Vya nani?

Sasa tuingie kwenye fundo lenyewe. Ushirika wowote wa vyuo husimama au huanguka kwa maswali ya umiliki, na hapa ndipo habari nyingi za magazetini huruka.

Mwanafunzi ni wa nani? Ni wa chuo alichojiandikisha, mwanzo hadi mwisho. Lakini anaweza kujiandikisha kama msikilizaji wa pili katika chuo jirani bila kulipa ada ya ziada, akasoma somo, akafanya mtihani, na alama zikahesabiwa nyumbani kwa masharti ya idara yake. Nauli nayo imo katika mchango wa muhula, kupitia tiketi ya wanafunzi. Tuseme binti yuko Bochum na kuna somo la takwimu analolitaka Dortmund. Kipindi chake cha asubuhi kikiisha anachukua U35 hadi stesheni kuu, anabadilisha na kupanda treni ya S1, anateremka kituo kinachoitwa Dortmund Universität, kilichoko chini kabisa ya kampasi. Ikiwa treni zimeshikana vizuri, hata saa moja haiishi. Tena madarasa mengi ya Ujerumani huanza robo saa baada ya muda ulioandikwa, na robo hiyo imewaokoa wengi. Treni ikichelewa, kama zinavyochelewa mara kwa mara siku hizi, ushirikiano wote wa kitaasisi unabaki umesimama naye jukwaani akitazama ubao wa saa.

Ratiba, kwa maoni yangu, ni kikwazo kikubwa kuliko sheria. Kila idara hupanga vipindi vyake kwa kutazama walimu wake. Mkataba wa wakuu wa vyuo hausogezi somo la Jumanne liende Jumatano.

Profesa ni wa nani? Hapa sheria ni kali. Profesa wa Kijerumani kwa kawaida ni mtumishi wa umma aliyeajiriwa na chuo kimoja. Mshahara, pensheni na saa za kufundisha vinahesabiwa hapo. Hawezi kuwa wa vyuo vitatu kwa usawa. Kinachowezekana ni kumwajiri chuo kimoja na kumweka katika kituo cha utafiti cha wote, akatumia maabara ya jirani na kusimamia wanafunzi wa uzamivu wa pande zote.

Fedha ni za nani? Fedha za msingi kila chuo hupewa na jimbo, kwa jina lake. Kwa hiyo ushirika ungebaki maneno kama asingepatikana mtu wa kuweka fedha mezani kwa sharti moja: huli peke yako. Mtu huyo alikuwa wakfu wa Mercator wa mjini Essen. Mwaka 2010 wakfu huo na vyuo vitatu walianzisha Mercator Research Center Ruhr, maarufu kama MERCUR, kituo cha kugawa ruzuku kwa miradi inayobeba zaidi ya chuo kimoja. Mtafiti wa Essen mwenye wazo zuri alilazimika kwanza kumtafuta mwenzake wa Dortmund au Bochum. Ni hila ndogo, lakini hila za namna hii zimefanya kazi kuliko hotuba. Watu walifahamiana kwa sababu ya fomu.

Jina hilo la Mercator nalo lina habari yake. Gerhard Mercator alikuwa mchora ramani aliyeishi Duisburg, na ramani yake ya dunia ya 1569 ndiyo mama wa ramani nyingi zilizobandikwa kwenye kuta za madarasa yetu. Ni ile inayoifanya Greenland ionekane inalingana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara kumi na nne. Alikusudia kumsaidia nahodha ashike uelekeo kwa mstari ulionyooka, si kumfundisha mtoto ukubwa wa mabara.

Swali la nne ni la sifa. Makala ya kisayansi ikichapishwa, jina la chuo gani liandikwe? Orodha za kimataifa za kupanga vyuo humhesabu kila mmoja peke yake, na ushirika haupo kwenye orodha hizo. Ndiyo maana ukiwauliza kwa nini wasiungane kabisa wawe jitu moja lenye wanafunzi zaidi ya laki moja, utakumbushwa habari ya 2003, kisha utaambiwa kwamba nguvu yao iko katika kutofanana. Nadhani jibu la pili ni la kweli kuliko linavyosikika.

Mfano wa namna wanavyokamilishana

Tarehe 21 Desemba 2018 mgodi wa Prosper-Haniel huko Bottrop ulifungwa, wa mwisho wa makaa magumu Ujerumani. Wachimbaji wakiwa na nyuso nyeusi walimkabidhi Rais Frank-Walter Steinmeier bonge la mwisho. Mwaka huo serikali ya jimbo ilikuwa imeitisha mfululizo wa vikao vilivyoitwa Ruhr-Konferenz kuulizana eneo hili lielekee wapi, na moja ya mazao yake ni Research Alliance Ruhr, iliyoanza 2021. Jimbo lilitenga euro milioni 75 hadi mwaka 2024 ili kuijenga. Ina vituo vinne vya utafiti: afya ya binadamu, wanyama na mazingira kwa pamoja; kemia na uendelevu; nishati na malighafi zake; na sayansi ya data inayoaminika. Zaidi ya hivyo kuna chuo cha wanazuoni wa jamii na utamaduni kinachowaalika wageni kutoka nje.

Tukichukue hicho cha data, maana ndicho kinachoonyesha hesabu vizuri. Dortmund ina kitivo kizima cha takwimu, kitu ambacho hakuna chuo kingine chochote kilicho nacho katika nchi zinazosema Kijerumani. Bochum ina taasisi ya usalama wa mitandao iliyoanza 2002, na mwaka 2019 Max Planck nao walifungua taasisi yao ya usalama na faragha mjini humohumo. Duisburg-Essen ina watafiti wanaochunguza jinsi mtu wa kawaida anavyoitumia na kuiamini mashine, pamoja na hospitali kubwa ya chuo mjini Essen. Sasa jiulize swali moja la leo: programu inayomshauri daktari kuhusu picha ya mapafu, je, iaminiwe? Mtakwimu atauliza inakosea mara ngapi. Mtu wa usalama atauliza mtu mbaya anaweza kuidanganya vipi. Mwanasaikolojia atauliza daktari aliyechoka saa tisa usiku atafanya nini mashine ikimpinga. Hakuna chuo kimoja kati ya vitatu kilichokuwa na watu wote hao kwa ubora unaolingana. Kwa treni ya S1 wanakutana.

Tiba ina mtindo wa Ruhr pia. Bochum haikujengewa hospitali yake kuu ya chuo. Inatumia hospitali zilizokuwapo mjini na jirani. Mojawapo ni Bergmannsheil, iliyoanzishwa mwaka 1890 kwa ajili ya wachimbaji waliovunjika na kuungua shimoni.

Na kwa msomaji wa Tanzania kuna uzi mwingine ulio karibu zaidi. Dortmund inajulikana kwa kitivo chake cha mipango ya miji na matumizi ya ardhi. Tangu miaka ya 1980 kinaendesha shahada ya uzamili iitwayo SPRING, ambapo mwanafunzi husoma mwaka wa kwanza Dortmund na wa pili katika chuo mshirika, kikiwemo Chuo Kikuu cha Ardhi jijini Dar es Salaam. Wengine ni Kumasi kule Ghana, Ufilipino na Chile. Haya si matunda ya ushirika wa Ruhr, yametangulia kwa miaka mingi. Ila yanaonyesha kitu: Dortmund ilijifunza kugawana shahada na Dar es Salaam kabla haijatia sahihi na Bochum.

Kamba inayovuta huku na huku

Sasa sehemu chungu. Yaleyale mashindano ya kitaifa yaliyowasukuma vyuo kushikana mikono yana kanuni zinazoweza kuwatenganisha.

Kwa ufupi, mashindano yana ngazi mbili. Kwanza unashindania miradi mikubwa ya utafiti inayoitwa klasta. Ukipata za kutosha, unaruhusiwa kuomba hadhi ya chuo cha ubora, yenye fedha za kudumu zaidi. Chuo kinachoomba peke yake kinahitaji klasta mbili. Ushirika wa vyuo unaweza kuomba pamoja, lakini kwa pamoja wawe na tatu, na kila mshirika awe na mguu ndani ya klasta. Hadi duru ya 2019 ushirika mmoja tu ulikuwa umefanikiwa kwa njia hiyo, wa Berlin.

Ruhr wana klasta kongwe iitwayo RESOLV, inayochunguza kazi ya viyeyusho, maji yakiwemo, katika kemia na viumbe. Ilianza 2012, na sasa waombaji wake ni Bochum na Dortmund. Bochum ina nyingine ya usalama wa mitandao, CASA. Mei 2025 zote mbili ziliongezewa muda, na Dortmund ikapata mpya ya fizikia ikishirikiana na Bonn na Siegen. Hesabu ikatimia kwa wawili. Wakaandaa ombi la pamoja chini ya jina Ruhr Innovation Lab. Duisburg-Essen haimo ndani ya ombi hilo.

Hakuna aliyemfukuza mtu. Watafiti wa Duisburg-Essen wameshiriki katika RESOLV tangu mwanzo, na katika vituo vinne vya Research Alliance wamo kama wengine. Ni kanuni tu: mlango ulikuwa na upana wa watu wawili. Lakini weka miguu yako kwenye viatu vya profesa wa Essen ambaye kwa miaka kumi na tano amejaza fomu zinazomtaka atafute mwenzake wa Bochum. Amempata, wamefanya kazi, wamechapisha, kisha ombi lenye heshima kubwa kuliko yote linapoandikwa, jina la chuo chake halipo. Ushirika unaojengwa kwa fedha za masharti hufuata masharti ya fedha, na masharti hayo huandikwa Berlin na Bonn na watu wasiopanda S1.

Na kumbuka hatujawataja walio nje kabisa ya meza. Ruhr ina chuo kikuu cha masafa cha Hagen, kilichoanza 1974 na chenye wanafunzi wengi mno wanaosomea nyumbani; ina chuo binafsi cha Witten/Herdecke; ina chuo cha sanaa cha Folkwang; ina vyuo vya sayansi tumizi Bochum, Dortmund, Gelsenkirchen na Mülheim, ambavyo baadhi vimeunda shule yao ya pamoja ya uzamili. Tena Bochum kuna chuo cha ufundi cha Georg Agricola, ambacho kazi yake moja ni kuchunguza kinachobaki mgodi ukishafungwa. Sehemu za Ruhr zimetitia kwa mita nyingi kutokana na uchimbaji, na pampu za kuvuta maji chini ya ardhi lazima ziendelee kufanya kazi bila kikomo, mchana na usiku, la sivyo mitaa mizima ingegeuka maziwa. Wajerumani wanaziita kazi za milele.

Kwa anayesoma haya akiwaza kuomba nafasi huko, jambo la kushika ni dogo. Huombi kwenye ushirika. Dirisha hilo halipo. Unaomba Bochum, au Dortmund, au Duisburg-Essen, kwa masharti ya kila kimoja. Vyuo vya umma vya Nordrhein-Westfalen havimtozi mwanafunzi wa kigeni ada ya masomo katika shahada za kawaida, tofauti na Baden-Württemberg wanaotoza euro 1,500 kwa muhula tangu 2017; utalipa mchango wa muhula, ambao tiketi ya treni imo. Kabla ya kuchagua, fungua orodha ya masomo ya vyuo vyote vitatu, si ya kimoja, halafu muulize mratibu wa idara yako kwa maandishi ni masomo gani ya jirani atayahesabu. Jibu lake litakuwa na uzito kuliko kaulimbiu.